Jogoo wa Injinia

Mtandao wote wa Ziwa Victoria, kuanzia Sondu hadi Busia, ulikuwa mkononi mwa Enos Wechuli. Mkono wa pili ulikuwa umeshika chapati.

Hivyo ndivyo Enos alivyojieleza siku mpenzi wake Winny alipompeleka kwao Otonglo mara ya kwanza. Alienda na kofia ngumu ya manjano, ile ya watu wa mjengo, akaiweka mezani karibu na bakuli la samaki kama askofu aliyekuja kubariki mchuzi.

"Mama, mimi nikikohoa tu, ofisi zote za Kisumu zinakwama," alimwambia Mama Selpha, mama yake Winny. "Ule mlingoti wa Mamboleo? Huwa napanda mpaka kileleni nikiongea na simu."

Kofia ilikuwa ya kuazima. Mlingoti aliuona kila siku kupitia dirisha la ofisi, na kuutazama tu kulimtia kizunguzungu. Kazi yake hasa ilikuwa kupokea simu pale Ziwani Neti, kampuni ndogo iliyowawekea wafanyabiashara vifaa vya mtandao. Mteja akilia, Enos alimwambia azime, angoje, awashe.

Lakini angesemaje? Mama Selpha, mwenye hoteli na vyumba vya wageni, alikuwa amemwonya binti yake mapema: "Mwanaume wa kazi ya mdomo niliolewa na mmoja, inatosha. Wewe niletee wa mikono." Basi Enos akawa injinia. Jumamosi hii alialikwa kuja kusikia kama atapewa Winny au atapewa njia. Jogoo alishanunuliwa kwa ajili yake, ila jogoo mwenyewe alikuwa mkorofi. Alitoroka siku ya kwanza, na tangu hapo alikuwa akilala juu ya bati la hoteli kama mwenye nyumba.

Alhamisi asubuhi simu ya ofisi ikalia. Enos akavaa jina lake la kazi na sauti yake ya kazi, ile inayopita puani kwanza.

"Ziwani Neti, unaongea na Maxwell. Simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma. Nikusaidie vipi?"

"Maxwell, mimi ni Mama Selpha wa hoteli hapa Otonglo. Mtandao imekufa. Niko na watu wa semina, wamejaa hapa kama omena kwa karai, na mkubwa wao anataka kuongea na Nairobi sasa hivi."

Enos akairudisha chapati kwenye sahani. Alitamani kukata simu, lakini Dolphine, msimamizi wake, alikuwa meza ya pili, amevaa visikilizi vya masikioni, anasikiliza simu hiyo hiyo. Enos akaisukuma sauti ndani zaidi ya pua.

"Pole sana, Mama. Waya umeingia kwenye port gani?"

"Port? Sisi tuko na moja tu, hii ya meli hapa Kisumu. Lakini hii waya haikutoka kwa maji. Ilitoka juu ya bati."

"Port ni tundu la waya, Mama, lakini tuiache. Zima swichi, hesabu mpaka kumi, halafu uwashe."

Enos akasikia kitu kikibofywa, kisha ukumbi mzima ukiguna kwa pamoja.

"Nimezima ile kubwa ya stima," Mama Selpha akasema. "Ukumbi ni giza. Mkubwa wa semina amemwagia suti yake chai. Niendelee kuhesabu?"

"Washa, Mama. Washa tu."

"Nimewasha. Mtandao bado, na friji inalia kama imefiwa."

"Sasa angalia kile kisanduku cha mtandao. Taa gani zinawaka?"

"Sioni taa."

Hapo Enos akatabasamu. Hili alilijua. Watu wetu kila chenye waya wanakivisha: redio, televisheni, hata jagi la umeme. Na kitambaa cha Mama Selpha alikiona kwa macho yake, cheupe chenye maua, kimefunika kisanduku chote.

"Mama, kitambaa kipo?"

"Iko."

"Basi kivue."

Jambo moja Enos alilisahau: Mama Selpha alikuwa na kitambaa kingine, na hicho hakitoki kichwani mwake ila wakati wa kulala.

"Nivue kitambaa?"

"Ndiyo, Mama. Hicho ndicho kinachoficha shida."

"Mbele ya watu wa semina?"

"Hata wao watafurahi."

"Maxwell," Mama Selpha akasema polepole, "wewe ni mtoto wa nani?"

Jibu Enos alikuwa nalo, lakini lilikuwa na ukoo mzima ndani yake.

"Mimi ni... wa kampuni, Mama."

"Mtoto wa kampuni. Ndiyo maana hukufunzwa. Ngoja hapo, usikate. Niko na simu ya pili, nampigia orwa, mkwe wetu. Yeye ni injinia, mkubwa wenu nyote. Leo utanijua."

Enos akairukia simu yake mwenyewe iliyokuwa kando ya sahani. Mikono ilikuwa na mafuta ya chapati. Simu ikateleza kama kambare, ikaanguka chini ya meza, na huko ikaanza kuita kwa mlio aliourekodi yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe:

"Injinia, pokea! Mtandao unakuhitaji! Injinia, pokea!"

Ilisikika ofisi nzima. Ilisikika mpaka Otonglo, katika sikio lile lile lililokuwa likimsikiliza Maxwell.

Mlio ukakatika. Kisha ukaanza tena. Mama Selpha alikuwa mtu wa biashara. Kitu hakinunui kabla hajakijaribu mara mbili.

"Maxwell."

"Naam, Mama." Sauti ilikuwa imeshatoka puani yenyewe.

"Injinia yuko hapo karibu?"

"Yuko... karibu kidogo."

"Mwambie aje sasa hivi, asingoje Jumamosi. Na ulisema hii simu inarekodiwa? Vizuri sana. Nataka Winny asikie vile mkwe ananiambia nivue kitambaa."

Dolphine akavua visikilizi. "Nendeni wote wawili," akamwambia Enos. "Pikipiki moja itawatosha."

Huko Otonglo, Enos alikuta kisanduku kimeshavuliwa kitambaa. Taa moja ilikuwa nyekundu: waya wa juu ya bati umechomoka. Ngazi ilikuwa tayari, Winny ameishika, na semina yote imetoka nje kutazama, maana ndani hapakuwa na la kufanya.

Enos akavaa kofia ya manjano, akapanda. Kwenye kipago cha tatu akasimama.

"Injinia, umefika kileleni?" Mama Selpha akauliza.

"Nakaribia, Mama."

"Mbona tunaangaliana macho kwa macho?"

Winny alicheka mpaka ngazi ikatikisika, na kwa hofu ya kuanguka Enos akapanda vilivyobaki mbio. Juu, kwenye mlingoti wa antena, jogoo alikuwa amekaa, waya umenaswa guuni. Enos akatambaa kwa tumbo, akamnasua. Jogoo akaidonoa kofia, akaidonoa tena, kisha akahamia upande wa pili wa bati. Enos akauchomeka waya. Chini wakapiga makofi.

Kisha akaukumbatia mlingoti.

"Maxwell, shuka unywe chai."

"Siwezi, Mama."

"Mwambie Injinia akushike mkono."

Alikuja kuteremshwa na mkubwa wa semina, yule wa suti ya chai.

Jumamosi Enos alifika bila kofia. Alikaa kwenye ncha ya kiti akingoja jibu lake.

"Mdomo ni ule ule niliolewa nao," Mama Selpha akamwambia Winny. "Lakini huyu angalau wake umefika juu ya bati. Mchukue."

Kisha akaweka mezani ugali na sahani ya omena, vile vidagaa vya ziwani. Juu ya bati, jogoo aliwika.

"Yule ni wa Injinia, akija," akasema Mama Selpha. "Kula, Maxwell."