Sheria Ndogo ya Kulia kwa Watoto

Natangaza kwa akina mama wote, wa kijijini kwetu, wa Gehandu, wa Hirbadaw na hata wa kule juu Mbulu ambako watoto wanalia kwa sababu ya baridi: kijiji chetu sasa kina sheria. Mtoto haruhusiwi kulia mkutano wa hadhara ukiwa unaendelea. Naandika mapema, msije mkasema hamkuonywa.

Sheria yenyewe ilihitajika sana. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mheshimiwa Gidahosh, alikuwa anatusomea taarifa ya mafanikio yake. Alipofika kwenye bomba la maji, ambalo halina maji ila limepakwa rangi vizuri, mtoto mmoja akaangua kilio. Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema kilio kile kimerudisha nyuma maendeleo, akaunda kamati. Uenyekiti wa kamati akajipa mwenyewe, ili wajumbe wasije wakaugombania.

Kamati ilichambua kilio kitaalamu. Ikagundua kuna kilio cha njaa, kilio cha tumbo na kilio cha uchochezi. Mtoto akilia kidogo akanyamaza, hilo ni onyo. Akilia mpaka mzungumzaji akapoteza mstari, mama yake anatoa mbuzi. Na mama asifikiri atajificha nyumbani, maana sheria inafika popote kipaza sauti kinaposikika.

Sasa mjue sheria inavyotungwa, ni jambo zito. Serikali ya kijiji inapendekeza, halafu mkutano mkuu wa kijiji unajadili. Basi tukajadili. Mwenyekiti akasema, "Wanaopinga wasimame." Akasimama Loveness, mama wa mapacha.

"Wewe unakwenda wapi?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Siendi mahali, mheshimiwa. Napinga."

"Unapinga maendeleo au unanipinga mimi?"

"Napinga kutoa mbuzi wawili."

Mwenyekiti akamgeukia mtendaji wa kijiji. "Andika: mmoja alitoka kwa haja binafsi. Wengine wote wamekubali."

Mtendaji wetu ni Modest, kijana wa Dongobesh. Akakohoa. Akasema sheria ndogo ya kijiji ikishapita kwa wananchi inapelekwa halmashauri ya wilaya, na isipoidhinishwa huko bado siyo sheria. Tena juu yake kuna sheria za Bunge, na juu ya zote kuna Katiba.

"Katiba iko Dodoma," Mwenyekiti akajibu. "Mimi niko hapa."

Tukapiga makofi. Aliyeanza ni yeye.

Wiki ile binti yangu Scolastica alikuwa amejifungua. Alipoteza damu nyingi mpaka midomo ikawa kama majivu. Kwetu mzazi, yaani aliyetoka kujifungua, anakaa ndani, na mwanaume haingii. Hata mume wake anaongea naye akiwa nje ya mlango. Scolastica alikuwa anaishi kwa uji wa maziwa, na maziwa yalitoka kwa mbuzi mmoja tu aliyekuwa anakamuliwa. Nilikuwa namwangalia binti yangu akimeza kila kikombe, nahesabu kuwa bado ninaye.

Nyumba yetu iko karibu na uwanja wa mikutano. Siku ya mkutano mjukuu wangu akaanza. Nilijitahidi kutii sheria, jamani. Niliziba mlango kwa ngozi, nikambembeleza, nikamweleza vifungu vyote. Hakuonyesha ushirikiano.

Mwenyekiti akaja mwenyewe na mgambo, Tito. Tito akagoma mlangoni.

"Mheshimiwa, humu kuna mzazi."

"Humu kuna mtuhumiwa," Mwenyekiti akasema, akainama, akaingia na viatu vyake. Scolastica akajifunika uso. Mwenyekiti akamwambia, "Kuzaa ni kitu gani bwana? Hata mbwa wanazaa, na hawajifungii ndani!"

Akatoka akamfungua mbuzi. Tito alisema mguu wake umekufa ganzi, kwa hiyo mheshimiwa akavuta mwenyewe.

"Baba, nakuomba, chukua hata kuku," nikamwambia. "Huyu ndiye uji wa mwanangu."

"Kuku hayumo kwenye kifungu."

Nikaenda kwa Bibi Marieta, mwanamke mkubwa kwa umri kuliko wote hapa kwetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekuja mbio?" Nikamweleza. Hakuuliza habari za mbuzi. "Alikanyaga ndani kwa mzazi?"

"Na viatu."

"Na hilo neno la mbwa, umelisikia kwa masikio yako?"

"Nimelisikia, bibi."

Kesho yake wanawake wote walikaa chini ya kilima. Wenzangu wa mbali mjue: kwetu Wabarabaig wanawake tuna baraza letu, na mwanaume aliyemkosea mzazi anahukumiwa hapo. Halina kamati wala kipaza sauti. Kila mmoja anaongea mpaka amalize, na watoto wanalia wanavyotaka. Hukumu ikatoka: mbuzi arudi leo, na faini ya fahali mweusi juu yake.

Mwenyekiti akaitwa. Akasimama mbali, pamoja na Modest.

"Hiyo ni sheria gani?" akamuuliza. "Iliandikwa wapi?"

"Ni sheria ya mila, mheshimiwa. Haijaandikwa."

"Rufaa nakata wapi?"

Modest akafikiri. "Kwa wanawake hao hao."

"Na nikikataa?"

"Watakulaani. Mimi kwetu Dongobesh, si Mbarabaig, lakini kwa hilo hata mimi nitasogea kidogo." Akasogea.

Mbuzi akarudi mchana ule, na Scolastica akanywa uji. Baadaye Mwenyekiti akaleta fahali. Alikuwa mweusi kweli, ila anachechemea na mbavu zote zinaonekana. Akina mama wakamtazama kuanzia pembe mpaka kwato. Ndipo akainuka Fransiska, mke wa Mwenyekiti, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa na sisi akihukumu.

"Huyo ni mgonjwa," akasema. "Yupo mweusi mwingine, mnene, yule kipenzi chake anayemtungia nyimbo na kumwimbia njiani."

"Mama watoto!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Yule hapana! Mimi ni mumeo!"

"Hapa wewe ni mshtakiwa," Bibi Marieta akamwambia. "Nenda kamlete."

Alikwenda. Tukamwona anarudi polepole, kamba mkononi, fahali anamfuata bila wasiwasi maana anamjua. Njia nzima Mwenyekiti hakuimba.