Jinsi Gumba la Mama Povu Lilivyotambuliwa na Dola

Sogeeni, enyi wenye masikio na subira, ila msisogeane sana, kwa maana habari hii ni ya zama zile ambapo kila mja aliamriwa akae hatua mbili mbali na mwenzake, na kikohozi kimoja kilitawanya umati upesi kuliko mzinga. Tulieni msikie vita vikuu vilivyopiganwa bila upanga wala farasi, baina ya mfua nguo mmoja na mashine ndogo iliyoenea kiganjani. Na jinsi mfua nguo yule, baada ya kushindwa kwa fedheha, alivyorejea uwanjani na kushinda watu wakiona.

Shujaa huyo aliitwa Mama Povu. Ndiye aliyekuwa Mtesa Madoa, Kiboko cha Kola Chafu, Mrudisha Weupe kwa Mashuka Yaliyokata Tamaa. Ngome yake ilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya duka la vyuma, chenye bomba moja, mapipa ya kulowekea, meza ya pasi, na ua uliojaa kamba zilizopishana huku na huku. Humo alifua mashuka na taulo za nyumba za wageni za mtaa ule, na chini ya bendera yake walitumika wapiganaji wawili waaminifu: Dada Pasi, aliyenyoosha, na Dada Kamba, aliyeanika na kuanua, ambaye aliweza kunusa mvua kabla wingu halijajitokeza.

Kisha maradhi yakaingia mjini. Wageni wakaacha kusafiri, na shuka ambalo halikulaliwa halikuwa na haja ya kufuliwa. Nyumba za wageni zikafunga milango moja baada ya nyingine, mapipa yakakauka, Dada Pasi na Dada Kamba wakarudi makwao na ahadi tupu. Mwenye chumba peke yake ndiye ambaye maradhi hayakumbadilishia ratiba ya kudai kodi. Mume wa Mama Povu, mpiga picha za harusi, naye alikuwa amenyang'anywa silaha, kwa kuwa harusi zilipigwa marufuku, akawa anashinda kitini akifuta lenzi isiyo na vumbi. Watoto walipelekwa kwa bibi yao. Na shujaa wetu, ili jiko lisilale, akawa anafua nguo za majirani nyumbani kwa mikono, kwa sabuni ya kipande kali kama maneno ya wifi.

Hapo ndipo redio, mpiga mbiu wa zama zile, ilipotangaza kwamba dola imewakumbuka wanyonge wake. Uko msaada wa fedha kwa wenye biashara ndogo na wafanyakazi wao waliokwamishwa na maradhi. Mwenye biashara afike ofisini ajiandikishe kwa alama ya kidole. Akikubaliwa yeye, wafanyakazi wake nao watalipwa sehemu ya mishahara. Usajili utafungwa mwisho wa mwezi.

"Mama watoto," akanena mpiga picha, akiweka lenzi chini kwa taadhima, "kidole unacho."

"Ninavyo kumi," akajibu Mama Povu, na akaenda kuvaa gauni la heshima.

Ole wa anayejiamini kwa wingi wa majeshi. Mlangoni mwa ofisi alisimama mlinzi aliyeshika chupa ya dawa yenye spiriti, akiwapulizia mikono wote waingiao. Akapuliziwa. Akapanga foleni juu ya alama zilizochorwa sakafuni, akasonga mbele alama baada ya alama, hadi akafika mbele ya karani aliyeketi nyuma ya kioo, na mbele ya kioo, juu ya meza, ilitulia mashine yenyewe: nyeusi, ndogo, na jicho moja la kioo.

"Gumba la kulia, mama," akasema karani.

Mama Povu akaliweka. Mashine ikafikiri, kisha ikawasha taa nyekundu.

"Weka tena."

Nyekundu. La kushoto, nyekundu. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete. Vikatangulia mbele vyote, kimoja kimoja, na vyote vikarudi vimeshindwa, hata kile kidogo cha mwisho ambacho maishani mwake hakikuwahi kutegemewa kwa lolote. Nyuma yake foleni ilianza kuguna. Karani akamwomba anyooshe mkono mbele ya kioo, akautazama, na sauti yake ikashuka.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nafua."

"Ndiyo maana. Vidole vyako vimelika, havina mistari. Mashine inaona kitu laini tu, haioni mtu."

"Lakini mimi si nimesimama hapa mbele yako?"

"Mimi nakuona, mama. Mashine ndiyo haikuoni. Na anayelipa ni mashine."

Mama Povu akaitazama ile mikono yake. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama ncha ya sabuni iliyokaribia kwisha. Hakuwahi kuiona hivyo. Alikuwa akiitumia tu.

"Basi fedha ni za waliosimama kazi," akasema polepole, "na mimi nakosa kwa sababu nimefanya kazi mno."

Karani, ambaye hakuajiriwa ili ajibu hoja za namna hiyo, akainamisha kichwa. "Mistari huwa inarudi," akasema. "Pumzisha mikono. Usiguse maji wala sabuni. Paka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Njoo kabla hatujafunga."

Ndivyo shujaa alivyorudi nyumbani ameshindwa. Akaketi. Kisha akamweleza mumewe, na alipofika kwenye habari ya Dada Pasi na Dada Kamba, kwamba nao wamezuiwa nyuma ya gumba lake kama abiria nyuma ya lango, akaiweka simu yake mezani. Dada Pasi alikuwa amempigia simu asubuhi ile, hakuomba kitu. Aliuliza tu kama kuna lolote.

Mpiga picha akasimama. Alikuwa mtu wa mikono laini, aliyezoea kuwapanga maharusi kwa kidole cha mbali, na tangu aoe hakuwahi kutumbukiza mkono katika beseni isipokuwa kunawa. Akakunja mikono ya shati hadi viwikoni, taratibu, mfano wa mfalme avaaye deraya ya vita.

"Mke wangu," akasema, "toka leo hutagusa maji humu ndani. Nitaosha vyombo mimi. Nitapiga deki mimi. Na hizo nguo za majirani nitafua mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Mama Povu akamwangalia. "Nyeupe hazichanganywi na za rangi," akasema.

"Najua hilo. Mimi si mtoto."

Hakulijua. Siku ya kwanza ya utawala wake, shati lake jeupe la kupigia picha, fahari ya kumbi zote za harusi, liliingia majini pamoja na kitambaa chekundu cha jirani, likatoka lina rangi ya ufizi. Mama Povu aliliona likitoka. Mikono yake, iliyopakwa mafuta na kufungwa vitambaa kama vichwa vya majeruhi, ilisogea yenyewe kuelekea beseni. Akaivuta nyuma akaikalia. Hii, enyi wasikilizaji, ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu ya vita. Kupigana alikuwa amezoea. Kukaa kitini na kutazama doa likisuguliwa kwa kuzunguka badala ya kwenda na kurudi, huko ndiko kulikomtoa jasho.

"Unalibembeleza," akasema. "Doa halibembelezwi."

"Niache nifue kwa mtindo wangu."

"Mtindo wako unalihamisha tu. Lilikuwa kifuani, sasa liko begani."

Kisha likaja shuka. Jirani mwenye wagonjwa nyumbani alileta mashuka mazito, na mpiga picha akajaribu kuinua la kwanza kutoka majini. Likamvuta. Akapanua miguu, akalivuta tena, maji yakamwagika miguuni, na shuka likaning'inia nusu ndani nusu nje mithili ya ng'ombe asiyetaka kuvuka mto.

"Hili shuka lina mtu ndani?" akauliza akihema.

"Hilo ni moja," akasema Mama Povu. "Nyumba moja ya wageni ilikuwa inaleta furushi ambalo mlango haukulipitisha mpaka tulifungue."

Mpiga picha akainama tena. Alilikamua lile shuka kipande kwa kipande, akalianika likiwa limepinda, akaja akaketi kwenye kizingiti. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Akavitazama, kisha akatazama vile vitambaa vya mkewe.

"Miaka yote hii," akasema hatimaye, "nilidhani mgongo unakuuma kwa sababu ya godoro."

"Na godoro pia," akasema mkewe, kwa huruma.

Toka siku hiyo mpiga picha akawa mpelelezi wa jeshi. Kila asubuhi alifungua vitambaa, akafuta mafuta, akaliweka gumba la mkewe dirishani penye mwanga, na kulipiga picha kwa ile lenzi kubwa iliyozoea pete na machozi ya maharusi. Kisha alikuza picha kwenye kioo cha kamera na kutoa taarifa.

"Jangwa tupu," alisema mwanzoni.

Baadaye akasema, "Naona kijia kimoja, upande wa kucha."

Na asubuhi moja alikikodolea kioo muda mrefu kiasi kwamba Mama Povu akadhani kamera imeharibika.

"Nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Akainama. Pale kiooni, likiwa kubwa kama sahani, lilikuwa gumba lenye mistari myembamba iliyozunguka na kuzunguka, hafifu bado, lakini ipo. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa amebeba mchoro kama ule. "Kumbe nilikuwa na hiki kitu," akasema, akakigusa kioo kwa kiwiko ili asichafue.

Wakaenda pamoja, gumba likiwa ndani ya soksi safi. Mlangoni wakamkuta mlinzi na chupa yake, na hatari ikawa dhahiri: spiriti ile ingekausha ngozi na kufuta kazi yote.

"Mikono," akasema mlinzi.

"Ndugu yangu," akasema mpiga picha, akipiga hatua mbele kwa kimo chake chote na shati lake la rangi ya ufizi, "gumba hili limelelewa kama mtoto njiti. Ukilipulizia, umefunga milango ya nyumba tatu kwa mpigo mmoja. Nipulizie mimi mara mbili. Moja iwe yangu, moja iwe yake."

Mlinzi akaitafakari hoja hiyo. Alikuwa mtu mwenye amri, na amri haikutaja jambo hilo.

"Atapuliziwa akitoka," akahukumu. "Na meza ataifuta karani." Akampulizia mpiga picha mara mbili, kwa uadilifu, pande zote.

Karani alimkumbuka. Akapitisha mkono chini ya kioo akaifuta mashine, akasema, "Tujaribu, mama." Soksi ikavuliwa. Gumba likashuka juu ya jicho la mashine.

Nyekundu.

Foleni ikanyoosha shingo. Likashuka tena, kwa nguvu zaidi, hadi ukucha ukawa mweupe. Nyekundu. Mama Povu akalifuta gumba kwa soksi. Akamwona mawazoni Dada Pasi na simu yake sikioni.

Ndipo karani akafanya jambo ambalo waliomzoea hawakuwahi kuliona. Alisimama. Akasogea hadi kwenye kioo na kusema kwa sauti ndogo, "Mama, unakandamiza. Unaifua. Iguse tu, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala."

Mama Povu akafumba macho. Mikono yake ilijua kusugua, kukamua na kuvuta. Ilibidi atafute mbali, nyuma ya mapipa na mafurushi, mahali ilipokumbuka kugusa tu. Akalishusha gumba polepole, likatua bila uzito.

Mashine ikafikiri. Kisha ikalia mlio mdogo kama kifaranga, na taa ikawa ya kijani.

Kwenye kioo cha kompyuta ya karani jina likajitokeza, na chini yake majina ya wafanyakazi wawili aliowaandikisha. "Umekubaliwa," akasema karani, akaketi haraka, kana kwamba amekutwa akifanya kosa. "Wote watatu."

Hapakuwa na tarumbeta. Mpiga picha aligeukia ukuta akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Msaada wenyewe, ulipoingia, ulitosha kumtuliza mwenye chumba, kumpa kila dada sehemu ya mshahara wake, na kununua sabuni. Haukutosha kingine chochote, na Mama Povu alipouliza kama utakuja tena, karani alisema bado hawajaambiwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, alipogeuka kuondoka, alikuta foleni nzima ikiwa imeinamisha vichwa. Mwashi mwenye viganja vilivyoliwa na saruji, muosha vyombo wa mgahawa uliofungwa, mama anayeparua samaki sokoni, mponda kokoto: kila mmoja, hatua mbili mbali na mwenzake, alikuwa ameinua mkono wake usawa wa macho na kuutafuta mstari.

"Dada," akasema mwashi, "ulifanyaje?"

Naye Mama Povu, Mtesa Madoa, mshindi wa Jicho la Kioo, akasimama katikati ya ofisi ya dola na kuanza kuwaeleza, kuanzia mafuta ya mgando hadi namna ya kumfundisha mume kukamua shuka; na karani hakumwita mtu aliyefuata mpaka alipomaliza. Basi waandishi wa historia na waandike, na wino wao usikauke: kwamba katika mwaka ule wa maradhi, mchana kweupe, mashahidi wakiwepo, dola ilimtambua mfua nguo mmoja, kwa kidole kimoja, katika jaribio la tatu la siku ile.