Mtawa Runji na Neno Moja la Adabu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimeangamiza kijiji. Si kwa kukusudia. Sijawahi kuua chochote kwa kukusudia katika mchezo huu, na hilo ndilo tatizo langu tangu Aprili.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinauma. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana wanne nyuma ya duka la Faiza, Majengo. Mbele anashona nguo, nyuma anatusimulia hadithi. Anatueleza tuko wapi na nini kinatujia. Sisi watatu kila mmoja ana mhusika wake. Tunasema tutafanya nini, kisha tunarusha dadu ya pande ishirini kuona kama tumefaulu. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, ni mimi.

Adui ni Bwana Mawe, mnyonya damu anayeishi katika nyumba ya mawe juu ya milima ya Nyambene. Riungu, ambaye hupima watu macho katika duka la miwani mjini, ni mwindaji mwenye upinde. Kila akirusha ni kumi na nane. Mama Gatakaa, karani mstaafu wa posta, ni muuza ndizi aitwaye Cicily. Hapigani. Anauza ndizi, anasalimia watu, na sijui kwa nini haumii kamwe. Mimi ni Mtawa Runji, mwenye elimu na chupa ya maji ya baraka. Nimeshaumwa mara mbili, na mara zote mbili Riungu aliniokoa na kunikumbusha wiki nzima.

Leo tulijifungia ghalani na wanakijiji wote. Mpango wangu. Mpango safi kabisa! Mnyonya damu hawezi kuingia ndani bila kukaribishwa, kila mtu anajua. Tukae, tunyamaze, mpaka kuche. Hata Riungu alikosa la kupinga.

Faiza akashusha sauti. Akagonga meza mara tatu. "Hodi," akasema.

Nikasema, "Karibu."

Sikufikiri! Nani hufikiri? Mama yangu kule Muthara alinilea hivyo. Mtu akibisha unamkaribisha, halafu ndipo unauliza ni nani.

Riungu akavua miwani. Faiza akaniuliza kama nimesema mimi au amesema Mtawa. Nikasema mimi. Akasema ghalani alisikika Mtawa.

Bwana Mawe akaingia. Cicily alikuwa karibu na mlango, akaumwa wa kwanza. Mtawa Runji akaruka dirishani. Dadu ilitoa kumi na tisa. Namba kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na nimeitumia kukimbia.

Mama Gatakaa alichukua kikapu chake, akatuaga kwa adabu, akaenda. Chai yake aliiacha nusu.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mzee wa kanisa alisema wageni wote karibuni, nikashtuka hadi nikaangusha kitabu cha nyimbo.

Riungu ametuma picha ya mlango kwenye kundi letu la simu. Chini yake ameandika, "Mtawa, kuna mtu anabisha." Utoto. Mtu mzima wa miaka arobaini.

Jioni Faiza akanipigia. Akaniuliza kama najua Cicily ni nani. Nikamwambia muuza ndizi. Akasema Cicily alikuwa dada mkubwa wa Mama Gatakaa. Wa kweli. Alifariki Machi. Zile salamu, kile kicheko, ile tabia ya kuita kila mtu "mtoto wangu", vyote ni vya marehemu. Mama alipojiunga nasi aliomba jambo hilo moja tu: amcheze dada yake.

"Nilidhani unajua, mwalimu," akasema. Mimi si mwalimu, ni fundi wa maabara ya shule, lakini sikumrekebisha.

Nikakaa kitandani na viatu. Miezi mitano namkalia ubavuni yule mama. Nimemwomba penseli, nimemwomba kifutio. Sikuwahi kumuuliza chochote.

Nilimuuliza Faiza kama kuna dawa ya aliyeumwa. Akasema hakuna, atageuka mnyonya damu. Nikauliza kama hakuna kabisa. Akasema hakuna kabisa.

Kwa hiyo ipo. Nitaitafuta.

Jumanne, 9 Septemba

Sayansi itaniokoa. Ukipasha dadu moto huku namba ishirini iko juu, plastiki italainika na uzito utashuka chini. Baadaye ukiirusha, itatoa ishirini kila mara. Nikaiweka ndani ya tanuri dogo la maabara saa nne asubuhi. Nyuzi themanini. Dakika kumi.

Kidato cha tatu wakamwaga kitu. Nikaenda kupangusa. Kupangusa kukawa kuoshana, kuoshana kukawa kuita nesi wa shule.

Niliporudi, harufu. Dadu ilikuwa imekaa kama andazi lililokaliwa. Mwalimu mkuu akaja ameshika pua, akauliza ni jaribio la kidato gani. Nikamwambia la vidato vyote. Alinitazama kwa muda mrefu sana.

Nimeirusha mara arobaini. Mara thelathini na moja imetoa tatu. Zilizobaki imesimama tu bila kuonyesha namba.

Nimechoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango mpya: kusoma daftari la Faiza. Udhaifu wa Bwana Mawe lazima ameuandika mahali.

Nilienda dukani na suruali ipunguzwe. Haikuwa na kasoro yoyote, ni suruali yangu nzuri. Faiza alipotoka kununua uzi nikavuta daftari lililokuwa chini ya cherehani. Ukurasa wa mwisho: "Njura. Kifua 40. Kiuno 34. Mkono wa kushoto mfupi. Jumamosi bila kukosa."

Jina halisi la Bwana Mawe! Kila mnyonya damu ana jina halisi analolificha. Na mkono mfupi: ashambuliwe kutoka kushoto. Na siku yenyewe imetajwa. Nikaandika yote kiganjani.

Faiza akarudi, akauliza suruali ipunguzwe kiasi gani. Nikamwambia kiasi chochote. Akili yangu ilikuwa Nyambene.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Gatakaa hakuja. Faiza aliweka kiti chake palepale na kikombe juu ya meza.

Niliona hii ndiyo nafasi. Mtawa Runji alipanda mlima peke yake, akasimama mbele ya nyumba ya mawe. Mimi nami nikasimama. Nikapaza sauti, "Njura! Toka nje! Najua mkono wako wa kushoto ni mfupi!"

Pazia likafunguliwa. Mzee mmoja mwenye kofia akachungulia kutoka dukani, akauliza nani anamwita hivyo.

Mzee Njura. Alikuwa amefuata suti ya harusi ya bintiye. Mkono ni mfupi kweli, ulivunjika utotoni. Yote haya alinieleza taratibu, kwa upole, na kila neno lilizidi kunizamisha. Nilimwomba msamaha mara nne. Akasema si kitu. Akanitakia kheri katika kazi yangu, yoyote iwayo.

Riungu alicheka mpaka akakohoa. Faiza hakucheka hata kidogo. Alisema turushe dadu tumalize. Tatu. Mtawa Runji akatumbukia kisimani.

Kisha Faiza akafunga daftari. Akasema hadithi hii aliianza kwa ajili ya Mama zaidi ya sisi wengine. Jumamosi ijayo Mama asipokuja, ataifunga moja kwa moja, na hataanza nyingine. Riungu akaacha kucheka. Hapo nikagundua kwamba yeye pia hana mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Sikufurahi kugundua. Ningependelea awe napo.

Suruali imeishia katikati ya muundi.

Jumatatu, 15 Septemba

Baada ya kazi nilienda kwa Mama Gatakaa, mbele kidogo ya Kinoru. Nilimpelekea mkungu mdogo wa ndizi. Shamba lake lote ni migomba! Nikasimama langoni nimeubeba kama mjinga. Akaupokea kwa mikono miwili kana kwamba hajawahi kuona ndizi.

Nilikuwa nimeandaa msamaha wenye sehemu tatu. Sikufika hata ya pili.

"Mwanangu, kunywa chai," akasema. "Hata Cicily angesema karibu. Angemtolea na kiti."

Akanieleza habari za dada yake. Walikaa nyumba mbili zinazotazamana. Cicily akija jioni, Mama anamsindikiza mpaka langoni kwake. Cicily naye anaona si vizuri mdogo wake arudi peke yake, anamsindikiza kurudi. Huku wanaongea. Wanaenda na kurudi mpaka watoto wanalala na njaa. Shemeji yake alikuwa anasema Cicily hajui kuaga, anajua kuanza upya tu.

Nikaona wakati umefika. Nikamweleza mpango wangu: Faiza atangaze kwamba usiku wa ghalani ulikuwa ndoto. Wote wako hai, Cicily anaendelea na biashara yake.

Akatikisa kichwa. "Alifariki Machi, Muthomi. Si wewe uliyemuua."

Nikala ndizi.

Halafu akaanza maswali yake ya kikarani. Huyo Bwana Mawe akipatwa na jua inakuwaje? Nikamwambia anakuwa majivu. Je, hana saa? Nikamweleza kwamba anaihisi alfajiri ikikaribia, hurudi kwake mapema. Na aliyeumwa anabaki na ulimi wake? Nikamwambia hilo amuulize Faiza, mimi nilikuja kuzungumzia jambo muhimu.

Niliondoka nikiwa nahisi hakunisikiliza vizuri.

Jumamosi, 20 Septemba

Alikuja! Akakaa, akafungua kikapu, akatugawia ndizi. Zile zangu, nadhani.

Nilikuwa na mpango mezani, kurasa nne, wenye vioo sita na kamba. Nikaanza kusoma. Mama Gatakaa akaomba radhi kwa kunikatiza, akamuuliza Faiza kama Cicily, hata akiwa amegeuka, bado ana ulimi wake. Faiza akafikiri. Akasema anao.

"Basi Cicily amekuja kumuaga Bwana Mawe," akasema Mama. "Yuko langoni kwake."

Kisha akaanza kuongea. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nene zaidi, na ilicheka kabla ya maneno kwisha. Akamshukuru Bwana Mawe kwa ukarimu. Akamweleza habari ya mbuzi aliyekula cheti cha ubatizo, na jinsi padri alivyoandika kingine na mbuzi akakirudia. Faiza, kama Bwana Mawe, akasema amefurahi, sasa anaingia ndani. "Ngoja kidogo, mtoto wangu, nilisahau kukuambia," akasema Cicily. Akaleta habari ya jirani aliyejenga choo juu ya mpaka. Bwana Mawe akataka kujua kesi iliishaje. Haikuwa imeisha! Ilizaa nyingine.

Nusu saa. Nikanyoosha mkono, nikasema Mtawa Runji anatoka kisimani na kioo cha kwanza. Riungu akanikanyaga mguu. Kwa nguvu. Nikamgeukia nimjibu, nikaona anafuta miwani, na si miwani iliyolowa.

Mara tatu Bwana Mawe aliaga. Mara tatu alirudishwa. Sasa ilikuwa ni ile habari ya mlangoni, ya mwisho kabisa, ambayo huwa ndefu kuliko zote. Faiza mwenyewe alikuwa ameegemea mbele, amesahau chai, anacheka. Ghafla akakoma.

"Kumekucha," akasema kwa sauti yake mwenyewe. Alionekana ameshangaa. "Bwana Mawe ametazama juu. Jua limeshafika langoni."

Majivu. Bila upinde, bila maji ya baraka, bila dadu. Miezi mitano!

Riungu akapiga meza. Mimi nikapiga kelele. Kisha tukamwona Faiza anamtazama Mama. Tukaelewa, mmoja baada ya mwingine. Faiza akasema polepole kwamba Cicily, naye mnyonya damu sasa, anaweza kutafuta kivuli pale langoni, ukuta, mti, chochote. Akasukuma dadu kuelekea kwa Mama.

Mama Gatakaa hakuigusa. "Naye pia alikuwa nje," akasema, sasa kwa sauti yake. "Mwache. Amenisindikiza vya kutosha."

Tulikaa. Nje cherehani ya jirani ilikuwa inalia. Mama akanywa chai yake yote, akafuta mdomo, akauliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.

Jumapili, 21 Septemba

Riungu ameandika kwenye kundi kwamba heshima yote ni ya Mama. Sipingi. Lakini ukweli usemwe: nani alimkaribisha Bwana Mawe? Bila mlango kufunguliwa Cicily hangeumwa, bila kuumwa hangekaribia lango lile, na bila lango hakuna majivu. Niliandika haya yote kwenye kundi. Hakuna aliyejibu. Riungu alituma mlango.

Faiza ametangaza hadithi mpya. Adui ni mfalme wa fisi. Mama atacheza mwanamke anayeitwa Gatakaa, mwenye shamba lake mwenyewe.

Nimempigia Faiza mchana kumjulisha kwamba nimeielewa siri ya ushindi. Mapigano ni ya washamba. Mtawa mpya, ndugu yake Runji, atamfuata mfalme wa fisi moja kwa moja, siku ya kwanza, bila silaha, na ataongea naye mpaka ashindwe. Faiza akaniuliza ataongea naye nini. Nikamwambia kemia. Akavuta pumzi. Akasema mfalme wa fisi ana njaa sana mwanzoni mwa hadithi, nifikirie vizuri.

Nimefikiri. Nimeshaandika mada kumi na mbili. Nitaanza na asidi na besi, kisha nimpe muda wa maswali.