Nilisugua Mugongo ya Furaha

Dada, weye njo mutu yangu ya siri, basi kaa nikuambie. Leo haya imenimaliza.

Unajua Furaha, binti yangu wa miaka kumi na ine. Ngozi ya mikono na miguu inapasuka, inawasha, siyui kama ni sabuni, siyui kama ni bote, viatu ya mupira ya kuendea ku ngombe. Na anataka kusoma infirmière, atunze bagonjwa. Sasa kama ni caoutchouc, ile mupira ya bote, gants zenye infirmière anavaa ku mikono nazo ni caoutchouc. Njo maana silali vizuri.

Lundi, Jumatatu, docteur wa ngozi, mama moja wa kutoka Goma, alifika ku centre de santé yetu hapa Mushaki. Akamubandikia Furaha vipande ya sparadra, ile plasta ya kidonda, ku mugongo. Kila moja na kitu yake chini: ingine caoutchouc, ingine rangi ya nguo, ingine chuma. Pembeni akaandika numéro na marqueur. Ile yenye itavimbisha ngozi, njo adui. Akasema maji isiguse mugongo mpaka mercredi, Jumatano, tutarudi aangalie.

Nilishika ile neno kama amri ya Mungu. Hata tone moja. Furaha alikuwa ananuka jasho na maziwa, nikavumilia. (Yesu alivumilia mingi zaidi.)

Leo ni mercredi. Nikaamuka, nikaomba, nikaona: muda imetimia. Na mama gani anapeleka mutoto muchafu mbele ya docteur? Ku masomo ya mangaribi ya bamama tulifundishwa usafi. Nikabandua sparadra zote, mupole mupole. Nikasugua mugongo na sabuni mpaka numéro zote zikaenda. Furaha akajaribu kusema kitu, nikamukumbusha kuheshimu wazazi. Nikamupaka vaseline. Mutoto akangaa kama sahani ya arusi.

Sparadra nazo nikafua, nikaanika, nikafunga mu kitambaa yangu ya kanisa. (Kitu ya mutu inarudishwa safi.)

Ku centre, docteur akainua blouse ya Furaha. Akamugeuza kwa dirisha, kama mutu anatafuta sindano mu unga.

"Mama, vitu yangu iko wapi?"

Nikafungua kitambaa. "Njo hii, docteur. Haikosi hata moja. Nilifua."

Infirmier mwenye anamusaidia akatoka inje. Nilimusikia nyuma ya mulango anacheka mpaka anakohoa.

Ku mugongo kulibakia alama moja tu, nyekundu, imevimba. Adui alikuwa pale, tunamuona na macho, lakini jina yake nilishaisugua. Machozi ikanitoka. Nikauliza kama ni caoutchouc, masomo ya mutoto imekufa?

Docteur akavuta kiti karibu. "Mama, kuko gants zenye haziko na caoutchouc. Hizi navaa ni zile. Masomo iko, usilie. Ngozi ikipumuzika, nitarudia test yote."

Nikamushukuru Mungu pale pale, na sauti.

"Lakini siku ile," docteur akasema, "uniletee mutoto muchafu. Unasikia, Mama? Muchafu."

Nikaapa, mbele ya infirmier na bamama bote benye banangojea ku banc.

Basi dada, pelekea hii habari kila mama mwenye mutoto wake iko na sparadra ku mugongo: asiguse kitu mpaka docteur abandue mwenyewe. Lakini ku groupe ya chorale, baimbaji ba kanisa, usitume. Kule miye njo présidente wa usafi.