Kuku Aliyemeza Nusu ya Buni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Placidia ameondoka. Amekwenda kwa dada yake, kijijini Nyakasimbi, na mto wake wa kulalia ameuchukua. Ishara mbaya. Alisema kwa upole, jambo linalotisha kuliko ukali, kwamba amechoka kuamshwa na mume anayewapa amri watu waliokwisha kufa. Atarudi siku nitakapomweleza mtu yeyote yaliyompata Celestin. Kama si yeye mke wangu, padri. Kama si padri, hata ile simu.

Ile simu ni Mliwazo, programu ya akili mnemba ambayo chama chetu cha wanajeshi wastaafu kimetuletea ili tuieleze yanayotusumbua. Mimi, Ofisa Mteule mstaafu Nestory Kaijage, nimeteuliwa kuitambulisha mkutanoni, kwa sababu ya ufasaha wangu.

Mpango ukazaliwa papo hapo! Nitaisifu hadharani mpaka sifa zifike Nyakasimbi. Placidia ataamini kwamba nimekwisha kuitumia. Atarudi. Celestin hatatajwa.

(Habari za Celestin haziihusu shajara hii.)

Jumatano, 4 Juni

Mkutano, Omurushaka. Nilinena. Nilisema kwamba moyo wa askari ni ghala ambalo halijawahi kukaguliwa. Mama Therese, mjane wa koplo, alifuta macho, kisha akauliza kama simu hiyo inasikia Kinyambo, kwa maana marehemu wake alizungumza Kiswahili mchana kutwa, lakini kulia alilia kwa Kinyambo.

Nilikunywa maji.

Ndipo akasimama Elpidius, sajini mstaafu wa Nyaishozi, mtu aliyenionea kijicho tangu mafunzo ya awali. Alidai kwamba hayo ni masikio ya makao makuu: leo unaiambia simu kwamba hulali, kesho unaitwa mwehu mbele ya wajukuu. Wengi wakapiga meza. Mmoja akaongeza kwamba kichwa cha askari hakiugui, huchoka tu. Kisha Elpidius akanigeukia na kuuliza, kwa heshima ya kinafiki: na wewe, Afande, umeiambia nini?

Nikajibu kwamba hiyo ni siri ya kijeshi.

Walicheka hadi mama wa chai akaja kuchungulia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimelazimika kuifungua. Iliniuliza nimelalaje. Inauliza kwa staha, kama mtu aliyelelewa. Vidole vikaandika vyenyewe: Hali shwari. Ikauliza ni nani aliyenikaa moyoni leo. Hali shwari. Je, ningependa kumzungumzia? Hakuna la kuripoti. Sijawahi kuripoti vingine maisha yangu yote jeshini. Anayeripoti vingine huongezewa maswali.

Lakini tatizo nimeligundua. Mtu wa huku hamfungulii moyo asiyekula naye buni. Mimi na Celestin tulikula, kabla ya kupanda ndege kwenda kulinda amani ya wengine. Omukago, kwa desturi ya babu zetu, bila kumtaarifu padri. Buni moja ikapasuliwa, kila mmoja akajichanja kidogo, akameza nusu iliyoguswa na damu ya mwenzake. Tukawa ndugu kuliko wa tumbo moja.

Basi! Nikachuma buni mbivu kwenye mti wa kahawa nyuma ya nyumba, nikaipasua, nikajichoma kidole kwa sindano ya Placidia. Nusu moja nikameza. Nusu yenye damu yangu nikaiweka juu ya kioo cha simu, kwenye benchi uani. Simu haina damu ya kunipa. Hilo nilikuwa tayari kuisamehe. Nikasimama wima. Nikafungua kinywa. Celestin alikuwa...

Kuku mweupe wa Placidia akaruka, akadonoa, akameza.

Jumapili, 8 Juni

Habari za kuudhi. Elpidius anatumia Mliwazo! Mkewe, Benadeta, ametangaza nje ya kanisa, bila aibu, kwamba siku hizi mzee analala kama mtoto. Ati alianza kwa kuitukana simu. Simu ikamuuliza hasa anamkasirikia nani. Akalia mpaka chai ikapoa. Mwenyewe alikuwapo, macho mekundu. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia nijaribu. Akaniita ndugu yangu.

Mtu asiye na msimamo kabisa.

Jumatatu, 9 Juni

Placidia amekuja! Sifa za hotuba zimefika Nyakasimbi. Amekuja na mkungu wa ndizi. Amekuja na mto! Nilimwonyesha simu, palipoandikwa kwamba Nestory anaendelea vizuri sana. Alisoma akatabasamu, tabasamu nililokuwa nimeanza kulisahau. Akasema leo tunakula ndizi kwa kuku. Akachukua kisu. Akamkamata yule mweupe.

Nikasimama kati yao. Nikasema huyu haliwi.

Akauliza kwa nini.

Jibu nilikuwa nalo. Lote lilikuwa kinywani: kwamba huyu ndiye kiumbe pekee aliyebaki mwenye damu yangu tumboni, kwamba wa kwanza nilimbeba mgongoni, tukiimba ili asisinzie, mpaka nikatambua kwamba ninaimba peke yangu. Placidia alisubiri. Alimwachia kuku, akaweka kisu chini, akasema taratibu, "Baba Adelard, niambie tu. Mimi nipo."

Nikasema hali ni shwari.

Alifunga mto wake ndani ya kitenge. Alipanda bodaboda bila kugeuka. Mkungu ameuacha.

Jumanne, 10 Juni

Mpango mpya. Bora kuliko wa kwanza! Nitampelekea Placidia kuku mwingine, mwekundu, mnono, pamoja na hotuba. Itakuwa hotuba nzuri sana.

Simu imeuliza nimelalaje. Nimejibu kama kawaida. Imenipongeza na kusema kwamba, kwa kuwa sina tatizo lolote, itakuwa ikinijulia hali mara moja kwa mwezi. Ushindi!

Kuku mweupe alilala ndani, upande wa Placidia. Kwa kuwa mto haupo, nilimkunjia koti langu la jeshi. Ni msikivu kupita kiasi. Huinamisha kichwa na kungoja.

Sijamwambia lolote.