Baisikeli Niliyosema Inatoa Courant

Marafiki, leo aibu imenikuta juu ya baisikeli ambayo haiendi popote. Ningeanguka barabarani ningesingizia shimo. Leo sina wa kumsingizia.

Nianze asubuhi, mjue yote kwa mpangilio, kisha mnihukumu.

Kazi yangu mnaijua: nauza unga wa muhogo sokoni, nakaa juu ya kiti kile kile tangu asubuhi hadi jioni. (Kiti kimeshabadilishwa mara mbili. Mimi bado.) Mwezi uliopita nesi alinipima tension, presha ya damu, akatazama kipimo, akanitazama mimi, akapima tena.

"Mama Gloire," akasema, "unafanya mazoezi, ao unameza vidonge mupaka siku ya kaburi. Chagua."

Nikachagua mazoezi. Nikajaribu kutembea. Lakini nani anaweza kutembea kwa mazoezi hapa Butembo? Mama mzima, hana mzigo kichwani, anapanda kilima mbiombio: watu wanajua jambo moja tu, kwamba kuna mtu amekufa. Siku ya kwanza watu wanne waliniuliza matanga ni ya nani. Siku ya pili niligeuka nyuma nikakuta mama wawili wa shirika letu la parokia wananifuata, mmoja ameshaanza kulia. Nikaacha. Ndipo nikasikia kuna baisikeli za mazoezi za nyumbani, zimesimama tu, unakanyaga ndani ya sebule yako hadi jasho litoke, na hakuna anayekuuliza nani amekufa.

Leo asubuhi basi tukaenda dukani, mimi na mume wangu, Baba Gloire. Ni mtu mzuri. Ila ana sheria moja aliyorithi kwa baba yake: kitu kisichozaa hakiingii nyumbani kwake. Jogoo wetu alichinjwa kwa sheria hiyo.

Dukani kulikuwa na baisikeli tatu. Ya kwanza ina kiti kipana chenye mgongo, tako langu lilishukuru, lakini ingejaza nusu ya sebule. Ya pili ina gurudumu zito la chuma mbele, na ule mti wake wa katikati uko chini, mtu anapanda na kikwembe chake kiunoni, kitenge chake, bila kuonyesha dunia nzima alikotoka. Nikakanyaga kidogo. Gurudumu likazunguka taratibu, goti langu halikusema neno. Niliipenda palepale. Ya tatu ni nyepesi, ya plastiki, inatikisika kama meza ya baa, lakini mbele ina kioo kidogo kinachoonyesha namba.

"Nataka hii ya pili," nikasema.

Baba Gloire akaizunguka mara mbili. "Inazala nini?"

"Inazala santé, papa," akajibu muuzaji, akijipigapiga kifua kama mtu mwenye afya.

"Santé ni ya mama. Miye na batoto tutapata nini?"

Nikaona baisikeli yangu inaondoka hivihivi. Nikapanda ile ya tatu, kujifariji tu. Nikakanyaga, kioo kikawaka. Baba Gloire akasogea karibu.

"Hii mwangaza inatoka wapi? Haina waya."

Hapo, marafiki, sijui pepo gani alinishika ulimi. "Inatoka kwa miguu yangu," nikasema. "Ukikanyaga, inatoa courant."

Muuzaji akanitazama. Nami nikamtazama. Akakohoa, akaanza kufuta vumbi kwenye kaunta. Na mimi, bila kuulizwa na mtu, nikaongeza: "Inaweza ata kuchaji telefone."

Courant, yaani umeme, imekatika mtaani kwetu siku ya pili sasa, na mawingu yamekaa juu ya paneli za jua za watu. Baba Gloire alitazama balbu ya duka iliyozimika, akafikiri. "Donc, tukamate hii," akasema, akatoka kutafuta mwenye pikipiki wa kutubebea.

Alipotoka, muuzaji alifungua kifuniko kidogo nyuma ya kioo, akanionyesha betri mbili ndogo, kama za redio. "Mama, hizi zikiisha, unatia zingine. Papa anajua?"

"Papa hana haja ya kujua," nikasema, nikakifunga kifuniko kwa mkono wangu mwenyewe. Mkumbuke mkono huo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Uongo udumu hadi baisikeli ivuke kizingiti, basi. Kitu kikishaingia kwake, Baba Gloire hakitoi tena. (Bado tunatunza mlango wa nyumba tuliyohama.) Lakini waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakusema ni fupi kiasi hiki. Yangu ilikuwa ya kutoka dukani hadi sebuleni.

Sebuleni alikuwa baba mkwe wangu. Alifika juzi kutoka Musienene na gunia la viazi, akaja kungojea simu kwetu, kwa sababu kwake mtandao hupatikana hadi upande kilima. Binti yake wa mwisho, Kanyere, yuko Kamango, na tangu jana usiku yuko kwenye uchungu wa kuzaa. Njia ya kule siku hizi si salama, si ya kusema nitaamka niende. Kwa hiyo habari zote za Kanyere zilikuwa ndani ya kisimu kidogo cha vibonyezo cha mzee, chenye kamstari kamoja tu ka chaji. Simu zetu nyingine zote zilikuwa zimezima.

Tulimkuta anavaa viatu. Simu mkononi, chaja mfukoni, anataka kupanda kwa Kasereka, yule anayechaji simu za watu kwa jenereta juu ya kilima.

"Papa, toa viatu," akasema Baba Gloire. "Kwenda kwa Kasereka imeisha. Sasa tuko na mashini yetu. Mama Gloire anatengeneza courant na miguu."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na mdomo. Mzee alikuwa ameinama, kiatu kimoja ndani, kimoja nje, ananitazama kwa imani.

"Papa, mutakunywa chai?" nikasema.

Baba Gloire akagundua kitundu chini ya kioo. Akachukua kisu cha jikoni akate kichwa cha chaja. Kisu chenyewe hakikati nyanya. Aliusugua ule waya dakika nzima akilalamika kwamba avenue yote hii, mlango kwa mlango, hakuna kisu kinachokata. Mwishowe waya ukakubali. Akaingiza nyuzi zake kwenye kitundu, akafunga kwa mpira wa tairi, akachomeka ncha ya pili kwenye simu.

"Panda," akaniambia.

Kwetu mnajua: mke wa mtoto hapandi mahali pa juu akatanua miguu mbele ya baba mkwe. Mimi hata nikipita mbele yake nainama. Nilikuwa nimevaa suruali ya mazoezi, ile ya kubana, juu yake nikafunga vikwembe viwili, na bado nikabaki nimesimama. Mzee ndiye aliyetafuta suluhisho. Akainuka, akageuza kiti chake, akakaa ameangalia ukuta, chini ya picha ya Bikira Maria, huku mkono mmoja umerudi nyuma ya bega umeshika simu, na waya unatoka kwenye simu hadi kwenye baisikeli.

"Mutoto wangu, fanya kazi yako," akauambia ukuta. "Miye sioni kitu."

Nikakanyaga.

"Imefika ngapi?" akauliza mzee.

Baba Gloire akachungulia simu. "Ingali kamusitari kamoja."

"Ata mashini ya kusaga inaanza polepole," akasema mzee kwa upole. Ule upole uliniumiza kuliko goti.

Nikaongeza mwendo. Baisikeli ikatikisika, vikombe vya kabati vikaanza kugongana. Nadhani ni kelele hiyo iliyomleta jirani, Mama Kavira. Aliingia na simu tatu ndani ya sahani. "Banasema muko na courant," akasema. Nyuma yake wakaja wengine wawili na simu zao, wakakaa kwenye kochi kwa adabu, wakangojea zamu. Jasho lilinitoka hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeanza Rozari kimya kimya, niko kwenye fungu la tatu, namwomba Bikira Maria alete courant ya kweli, hata ya dakika kumi. (Picha yake ilikuwa mbele yangu. Nilikwepa macho yake.)

Simu ikalia.

Mzee akairudisha mbele, akaipachika sikioni. "Allô? Kanyere? Eee, ni miye papa yake. Amezala? Mungu asifiwe. Eee. Lakini nini? Allô? Lakini nini?"

Simu ilikuwa imezima.

Mzee akageuka kutoka ukutani. Hakunitazama mimi, alitazama kile kisimu, akakibonyeza, akakibonyeza tena. "Banasema amezala," akasema. "Kisha banasema lakini. Lakini nini?"

Mimi miguu ilikuwa imesimama yenyewe. Na hapo mzee akaona jambo ambalo mimi sikuliona: miguu imesimama, lakini kioo cha baisikeli bado kinawaka, kinaonyesha namba zake vizuri kabisa.

Mzee huyu ana redio tangu mume wangu hajazaliwa. Akaja, akapapasa nyuma ya kioo kwa kidole gumba, akakipata kifuniko. Betri mbili zikaangukia kiganjani mwake. Kioo kikazima.

"Mutoto wangu," akasema, "hizi ni pile."

Baba Gloire akanitazama. "Ulijua?"

Watu watatu kwenye kochi na simu zao mapajani. Ningeweza kusema sikujua. Lakini mzee alikuwa na lile "lakini" lake mkononi, na mimi ndiye niliyemvua viatu.

"Nilijua," nikasema.

Kisha nikashuka, nikamnyang'anya simu (ndiyo, nilimnyang'anya baba mkwe, ongezeni na hilo kwenye orodha), nikatoka mbio. Nilikimbia kilima kizima hadi kwa Kasereka. Kikwembe kimoja kilibaki kwenye baisikeli, cha pili sijui kiliangukia wapi. Nilikuwa na suruali ya kubana tu, mchana, mbele ya avenue nzima. Watu wakatoka milangoni.

"Mama Gloire, nani amekufa?"

Siku zile za kutembea nilikuwa na jibu la swali hilo. Leo sikuwa nalo, kwa sababu sikujua. Nilimwaza Kanyere, aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu, nikakimbia huku nalia.

Kasereka akatafuta chaja inayoingia, akaichomeka. Mzee akafika nyuma yangu, kiatu kimoja kimefungwa, kimoja kinaburuta. Baba Gloire nyuma yake. Mama Kavira nyuma yao wote, na sahani yake. Simu ikakubali kuwaka. Mzee akapiga.

"Allô. Sema tena. Amezala, lakini nini?" Akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akakaa chini juu ya jiwe. "Amezala, lakini hapana mumoja," akatuambia. "Ni wawili. Mapasa. Na mama yabo iko muzuri, anakunywa uji."

Alicheka hadi machozi yakamshuka, akataka kunipa mkono. Hapo akaona nilivyovaa. Akainuka polepole kutoka kwenye jiwe, akageuka, akamalizia kicheko chake ameangalia ukuta wa Kasereka.

Tulirudi nyumbani. Baba Gloire alinitembeza mbele amenifunga koti lake kiunoni. Nilijua baisikeli inarudi dukani kesho, na mimi narudi kwenye vidonge, na sikuwa na haki ya kulalamika. Nilimwomba mzee msamaha nimepiga magoti.

"Mashini usirudishe," mzee akamwambia mwanawe. "Haitoe courant, ndiyo. Mais inazunguka. Kitu yenye kuzunguka inaweza kunoa kisu."

Baba Gloire akakitazama kile kisu cha jikoni. Akanitazama mimi. Akatazama miguu yangu. Nikaona sheria ya ukoo inaamka machoni mwake.

Jioni hii akamwita fundi wa kunoa visu aje aangalie kama jiwe lake linaweza kufungwa kwenye baisikeli. Fundi akalitikisa gurudumu kwa kidole, akasikitika. "Hii roue ni mwepesi, haiwezi kubeba jiwe. Juu ya nini hamukukamata ile ya roue ya chuma iko pale dukani?"

Wote wakanigeukia.

Kwa hiyo kesho Baba Gloire anaenda kuibadilisha. Atarudi na ile ya pili, ile ile niliyoitaka tangu asubuhi, ikiwa na jiwe la kunolea mbele. Mama Kavira ameshaacha visu vinne mlangoni.

Nesi atafurahi. Ninyi nawaomba mambo mawili tu: mwenye kisu butu akipeleke kwingine, na anayetaka kucheka, ageuze kiti kwanza aangalie ukuta.