Vidole vya Mama Biashara

Ilitangazwa kwa barua yenye mihuri mitatu kwamba mwanamke wa ukutani amepatikana na hatia ya kuunga mkono upinzani, na kwamba amepewa siku saba ajirekebishe.

Mwanamke mwenyewe alikuwa wa saruji. Wahindi walimchonga zamani juu ya mlango wa ghala lao la pamba mjini Migori, awe sura ya Biashara: mkono wa kushoto mizani, miguuni gunia la pamba, mkono wa kulia umeinua vidole viwili. Zaidi ya miaka hamsini hakuna aliyemshuku. Lakini sasa ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kidole kimoja kilikuwa salamu ya chama tawala, viwili vya wapinzani, na D.O. wa tarafa, Bwana Kerosi, hakuwa mtu wa kulala huku saruji ikipiga siasa.

Aliunda Kamati Ndogo ya Vidole. Kamati ilikaa mara nne, ikanywa chai mara nne, ikaona kwamba mshukiwa amekataa kujibu maswali, jambo ambalo ni dalili ya kiburi. Kwa kuwa hakuweza kuwekwa ndani, lilifungwa duka lililokuwa chini yake. Mle Mama Gesare aliuza sukari, sabuni na kamba, na hakuwa na duka lingine.

Alimfuata D.O. ofisini akiwa amekasirika, na alikuwa na haki.

"Bwana D.O., huyo anaonyesha gredi za pamba. Ya kwanza na ya pili. Hata baba yangu aliuza pamba hapo."

"Mama, pamba iliisha. Gredi zimebaki kufanya nini?"

"Sasa mimi nimekosa nini? Sukari yangu inaliwa na sisimizi!"

"Wewe hujakosa. Unaishi tu na mkosaji."

"Na nikitoa hiyo kidole, utanifungulia?"

"Serikali haina kinyongo, mama."

Siku ya saba, ambayo ilikuwa siku ya soko, Mama Gesare alimleta fundi Nyamhanga na patasi yake. Bwana Kerosi alifika na kofia ya kazi, askari wawili, na Walter wa studio, kwani ripoti isiyo na picha ni umbea. Alikuwa amekwisha kuagiza picha itiwe lakiri studioni na ipelekwe moja kwa moja kwa wakubwa. Siri ya serikali haishikishwi kila mtu.

Nyamhanga akapanda ngazi. Posho mill ya jirani ilikuwa ikisaga mahindi na kunguruma.

"Nitoe ngapi?"

"Moja!" Bwana Kerosi akaonyesha kwa kidole.

Kidole cha saruji kikaanguka. Nyamhanga, fundi asiyependa kuacha kazi nusu, akaweka patasi kwenye kile kilichobaki.

"Na hii?"

Bwana Kerosi akaruka. Chama bila kidole!

"Wacha! Zilikuwa mbili! Umetoa moja! Basi!"

"Ati?"

"Mbili! Zilikuwa mbili!"

Akasimama chini ya mwanamke wa saruji, mdomo wazi, mkono juu, vidole viwili vikitikisika. Watu wa soko wakadhani ndiyo salamu ya sherehe, nao wakainua vyao, kwa adabu. Walter akaona kila mtu amepozi vizuri, akapiga.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mwanamke wa ukutani alipongezwa kwa uaminifu wake. Duka lifunguliwe mara moja. Afisa aliyeonekana chini ya mwanamke huyo aeleze, kwa nakala tatu, alikuwa akisalimu nani. Na huku akieleza, ahamie kituo cha mbali, ambako hakuna umati wala kamera.

Asubuhi ya kuhama, Bwana Kerosi aliingia dukani kwa Mama Gesare. Alihitaji kamba mbili, moja ya godoro na moja ya kabati.

"Karibu, Bwana D.O. Kamba? Ngapi?"

Aliangalia mlangoni. Kulikuwa na watu. Akainua kidole kimoja.

Mama Gesare akampa kamba moja. Bwana Kerosi akatoka, akasimama kidogo barabarani, akarudi.

"Ngapi, Bwana D.O.?"

Akainua kidole kimoja.